Chenji ya Siyo

Siku ile jengo lilikuwa limefurika watu. Lifti ilikuwa imekufa tena, kwa hiyo kila mwenye shida yake ghorofani alipanda kwa miguu, na ngazi zenyewe zinaanzia pale pale mlangoni mwa fundi miwani, chumba namba saba. Huyu kakumbatia mafaili, yule kabeba kiti kichwani, wa tatu anagombana na simu. Katikati ya msukumano huo akashuka kijana mmoja mrefu, shati jeupe mikono imekunjwa, anapapasa ukuta kama mtu anayetafuta swichi. Mkononi kashika miwani isiyo na mguu mmoja.

"Samahani dada, hapa ndipo kwa fundi miwani?"

"Kibao kikubwa vile, hukukiona?"

"Ningekiona, dada, nisingekuwa na haja nawe."

Fundi alicheka bila kupenda. Alikuwa amevaa gauni la kijani na aproni nyeusi yenye mifuko mingi, nywele kazisuka na kuzifunga nyuma, kioo cha kukuzia kipo juu ya paji la uso kama jicho la tatu. Akaipokea ile miwani, akaigeuza.

"Skrubu imeanguka. Ulivua kwa mkono mmoja?"

"Umejuaje?"

"Wote mnavua kwa mkono mmoja. Kaa hapo, Macho Manne."

Jina likamshika tangu siku hiyo. Fundi akavuta kopo la biskuti, akamwaga skrubu juu ya kitambaa, mamia, ndogo kuliko punje za mchele, za kila namna zimechanganyika. Akaanza kutafuta inayofaa, moja baada ya moja. Simu yake iliyolala pembeni ikalia, akaitupia jicho, akasonya.

"Kuna tatizo?" kijana akauliza.

"Ni hawa wajinga wa Soko la Maswali."

Basi, Soko la Maswali lilikuwa mchezo wa kwenye simu, na jengo zima lilikuwa limenaswa nao. Mtu unaandika swali: je, lifti itatengenezwa kabla ya Ijumaa? Wenzako wananunua Ndiyo au wananunua Siyo, kwa kete. Kete zenyewe si pesa, hununui nazo hata kiberiti. Ni heshima tu. Ndiyo zikinunuliwa sana, mshale unapanda kuelekea mia, Siyo zikinunuliwa unashuka. Ukiutazama mshale unajua watu wanaamini nini.

"Wamekukosea nini?" kijana akauliza tena, sauti imepungua.

"Wana kitu wanakiita kina. Ni kete zinazowekwa chini ya swali tangu mwanzo, ili kila anayekuja kununua akute pa kununua. Kina kikiwa kirefu, mshale ni mzito, hausogei. Kikiwa kifupi, ukipuliza tu unaruka. Sasa wao wanayapa maswali yote kina kimoja. Swali la lifti ya jengo hili wanalijua watu kumi, wamelipa kina cha bahari! Mlinzi wetu anajua fundi wa lifti hajalipwa, kanunua Siyo kwa kete zake zote, mshale haukutikisika hata kidogo. Sasa hapo tumejua nini? Mwenye swali ndiye anayejua swali lake linataka kina gani. Si mtu aliyekaa ofisini anakunywa chai."

"Sinywi chai," kijana akasema.

Bisibisi ikasimama hewani.

"Wewe?"

"Mimi ni mmoja wa wale wajinga."

"Na umekaa hapo umenyamaza, unanisikiliza nikikutukana?"

"Nilikuwa nataka ufike mwisho. Ulikuwa unasema kweli."

Fundi akakaza skrubu, akamvalisha miwani mwenyewe, akamtazama puani kama imekaa sawa. Mtu anayenyamaza huku anajua, huyo wa kuangaliwa. Ndilo wazo la kwanza alilolipata kuhusu yule kijana, na lilikaa naye muda mrefu.

Wiki tatu baadaye kijana akarudi. Hakuwa na miwani mbovu. Alisimama kaunta, mikono nyuma.

"Fungua simu yako, Fundi. Andika swali lolote."

Akafungua. Chini ya swali palikuwa na kitu kipya: Chagua kina. Na chini yake: Ongeza. Punguza. Na picha ya kufuli ndogo.

"Nimewapigia kelele siku ishirini na moja," akasema. "Sasa mwenye swali anachagua kina chake mwenyewe. Akitaka anaongeza, akitaka anakipunguza swali likiwa linaendelea. Na ile kufuli ni ya kuamua kama watu wengine wanaweza kukuongezea kina au la. Wengine wanaleta maua. Mimi nimekuletea hii."

"Maua yangenyauka," Fundi akasema, akainamia kopo lake ili asionekane uso.

Mapenzi yakaanza hivyo. Mchana anakuja na chakula cha watu wawili, wanakula kwenye kaunta huku miguu ya watu inapita mlangoni. Jioni simu.

"Fundi wangu, umefunga?"

"Nimefunga. Wewe uko wapi?"

"Njiani. Nawaza macho yako."

"Yapi? Haya mawili au hili la kioo?"

"Yote matatu, mpenzi. Nisije nikaonekana nina ubaguzi."

Alikuwa anachekesha, mpole, na kila alipoahidi kupiga alipiga. Lakini Fundi hakuweza kutulia. Alikuwa na sababu.

Miaka minne nyuma alikuwa na mwanamume aliyemwambia "kesho" kwa muda wa miaka mitatu. Kesho nitakuja kwenu. Kesho nitaongea na wazee. Siku moja Fundi akapita chumba namba nne, kwa Mama Fotokopi, kutoa nakala ya kitambulisho, akamkuta yule mama anarusha kanga juu ya rundo la kadi. Kadi za harusi. Jina la mwanamume lilikuwa lile lile analolijua. Jina la bibi harusi lilikuwa jingine. Mama Fotokopi alikuwa amezichapa tangu Jumatatu, na ile ilikuwa Alhamisi. Siku nne jengo zima linajua, mlinzi anajua, mfagiaji anajua, yeye anapita anawasalimia. Kuachwa kulimuuma mwezi mmoja. Kuwa wa mwisho kujua kulimuuma mpaka leo.

Sasa Macho Manne alianza kuwa na vijambo. Alhamisi hapatikani kuanzia saa saba mchana. Simu yake akiiweka mezani anaifunika kifudifudi. Shati lake linanuka vanishi, naye kazi yake ni kompyuta. Mara moja akamuuliza, "Hivi skrubu zako ziko aina ngapi?"

"Unaulizia nini?"

"Napenda kujua tu."

"Watu hawapendi kujua mambo ya skrubu."

"Mimi napenda."

Fundi akamtazama kwa jicho la pembeni. "Aina sitini na nne," akajibu, na tangu hapo akawa anamhesabia kila neno.

Shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo, naye hakumwachia nafasi ya kupumua. Kila akipiga simu ni lile lile.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Kijana amesemaje?"

"Hajasema."

"Miezi minane hajasema! Ana kigugumizi?"

"Hana."

"Basi mwulize wewe. Mdomo unao."

"Nikimwuliza atasema ndiyo ya kuulizwa. Mimi nataka kujua yaliyomo ndani."

Ndipo akapata akili yake. Wiki moja kabla ya mwisho wa mwezi akaandika swali kwenye Soko: Je, fundi wa chumba namba saba atachumbiwa kabla ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi na moja jioni? Watu wakacheka, wakadhani utani. Haukuwa utani, ulikuwa mtego. Alilipa swali lile kina cha kete ishirini tu, kifupi kama maji ya kwenye sahani. Alijua anachokifanya. Swali la kina kifupi halina siri. Mtu yeyote mwenye fununu, awe rafiki yake Macho Manne wa kazini, awe mlinzi, akiligusa kwa kete chache tu mshale utaruka, naye Fundi ataona. Kama kuna jambo, zuri au baya, safari hii hatakuwa wa mwisho. Mwenyewe hakununua upande wowote. Swali ni lake na jibu atalitoa yeye. Ile kufuli hakuigusa, akaiacha wazi. Hakuona kama ina kazi.

Siku ya pili mshale ukaanguka kutoka hamsini mpaka ishirini, kwa mara moja. Fundi akaacha kazi. Akafungua orodha: Mama Fotokopi, kete ishirini, Siyo.

Akaenda chumba namba nne na bisibisi mkononi.

"Mama, umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, mwanangu."

"Mbona Siyo?"

Mama Fotokopi akazima mashine, akakaa. "Kusikia sijasikia. Nimeona. Alhamisi, saa nane, anatoka kwenye geti moja kule nyuma ya stendi, yeye na mwanamke. Mwanamke kavaa suruali ya kazi, wanacheka, anampangusa bega. Mara ya kwanza, zile kadi za harusi, niliona nikanyamaza, wewe ukaumia. Safari hii nimeona niweke hapo ulione mwenyewe."

Fundi akageuka. Alirudi akakaa mbele ya kopo lake la skrubu, na siku nzima hakuweza kupata hata moja inayofanana na nyingine.

Usiku akampigia Shangazi, na asubuhi Shangazi, kwa hasira ya kumtetea mtoto wa kaka yake, akamwaga kete zake zote thelathini upande wa Ndiyo. Akapiga simu papo hapo.

"Imepanda? Niambie imepanda!"

Fundi akatazama. Kwa kina kile kifupi, kete thelathini zilitakiwa kuurusha mshale mpaka themanini. Mshale ulikuwa umesimama ishirini na nne.

"Haijapanda, Shangazi."

"Mashine mbovu hiyo!"

Haikuwa mbovu. Fundi akafungua orodha. Kumbe usiku ule mtu alikuwa ameingia kwenye swali lake, akaongeza kina cha kete elfu moja. Sasa lilikuwa zito kama jiwe la kusagia. Na jina la aliyeongeza lilikuwa Macho Manne. Mbele ya jina hilo, kwa maandishi mekundu: Siyo, mia saba na hamsini.

Akasoma mara tatu. Akafuta kioo cha simu kwa aproni, akasoma tena. Siyo, mia saba na hamsini.

Akampigia.

"Fundi wangu! Mapema leo—"

"Umefanya nini kwenye swali langu?"

"Ah. Umeona."

"Nimeona. Una Siyo mia saba na hamsini. Katika jengo lote hakuna mtu mwenye Siyo nyingi kama wewe. Hata Mama Fotokopi ana ishirini!"

"Hapana, sikiliza. Zile sikuzinunua. Mimi niliongeza kina tu, zile ni chenji—"

"Chenji! Niko dukani hapa?"

"Nilikuwa nalilinda swali lako, mpenzi."

"Kulilinda au kulizika? Shangazi yangu kaweka kete zake zote halikutikisika!"

"Hapo nilikosea. Hilo nakubali."

"Alhamisi unakwenda wapi?"

Kwa mbali ilisikika mashine inanguruma, si mashine ya ofisini.

"Siwezi kukuambia leo."

"Utaniambia lini?"

"Nivumilie kidogo tu. Ijumaa—"

"Usinitamkie siku! Mimi nimelishwa siku miaka mitatu, zimenitoka puani!" Akakata.

Akapigiwa mara sita, hakupokea. Ujumbe ukaja: "Jaribu mwenyewe uone." Akaufuta. Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita. Chakula cha mchana alikula peke yake amesimama. Wateja wakawa wanaomba radhi bila kujua kosa lao. Jumatano jioni Shangazi akapiga, hakumuuliza kijana amesemaje. Alisema tu, "Umekula?" na Fundi akalia.

Alhamisi asubuhi akaletewa kazi na duka la juu: lenzi themanini za kupanga, arobaini za jicho la kulia na arobaini za kushoto. Kwenye trei yake ya zamani alikuwa na lenzi za kushoto arobaini na za kulia kumi, na duka lilimsisitiza asiharibu uwiano wa trei: kila ya kulia moja, za kushoto nne, kwa sababu ndivyo fremu zao zilivyobaki. Akaanza kumimina. Kushoto nne, kulia moja. Kushoto nne, kulia moja. Za kushoto zilipokwisha, mkononi mwake alibaki na rundo la lenzi za kulia ambazo hakuziomba na hakuwa na pa kuziweka.

Akazitazama.

Akaziweka chini polepole. "Chenji," akasema peke yake.

Akavuta simu. Ule ujumbe alioufuta ulikuwa bado kichwani: jaribu mwenyewe uone. Swali la lifti lilikuwa limeandikwa upya wiki hiyo, mshale kwenye ishirini, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na imani na lifti ile. Akabonyeza Ongeza, akaweka kete mia za kina. Hakununua Ndiyo, hakununua Siyo. Akafungua orodha kuangalia jina lake.

Siyo, sabini na tano. Kwa maandishi mekundu.

"He!" Fundi akasema, mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma.

Akaielewa yote kwa pamoja, kama mtu aliyevalishwa lenzi yake. Kila kete unayoimwaga chini ya swali inapasuliwa ikawa Ndiyo moja na Siyo moja. Lakini swali likiwa limeelemea upande mmoja, ukitia zote sawasawa utausogeza mshale. Kwa hiyo mashine inatia kwa uwiano uliopo, na zilizozidi inakurudishia. Watu wakiwa wameamini Siyo, chenji inarudi Siyo. Angemwaga wakati mshale uko juu, chenji ingerudi Ndiyo. Yule mtu hakuwa amebashiri kitu. Alirudishiwa.

Moyo ukapanda, kisha ukasita katikati. Sawa, chenji imeeleweka. Mwanamke je? Geti je? Vanishi je? Na kwa nini aliingiza mkono kwenye swali lenyewe?

Akatazama saa. Saa nane kasoro. Alhamisi.

Akavua aproni, akafunga mlango, akapita chumba namba nne. "Mama, hilo geti liko wapi?"

"Nikusindikize?"

"Nielekeze tu. Nikikuta nilichokifuata, nataka nilie bila mtu kunishika bega."

Geti lilikuwa la bati, limeandikwa kwa brashi: Seremala. Ndani kulikuwa na ua, mbao zimeegemezwa ukutani, na ile mashine inayonguruma. Mwanamke mwenye suruali ya kazi, mtu mzima, penseli sikioni, alimtazama Fundi kuanzia viatu mpaka nywele.

"Wewe ndiye wa skrubu?"

"Nani kakwambia habari za skrubu?"

"Nani hajaniambia! Miezi miwili nasikia habari za skrubu mpaka naziota. Yuko kule nyuma. Mkono wake mbovu, mwanangu, nakwambia ukweli. Mtu wa kawaida angemaliza kazi ile kwa wiki moja. Kila akipinda msumeno namwambia lete nimalizie, hataki, anasema lazima itoke mkononi mwake. Nimebaki kumpangusa vumbi tu."

Fundi akazunguka nyuma. Macho Manne alikuwa amepiga magoti, nywele nyeupe kwa unga wa mbao, anapiga msasa kijidroo kidogo kama kiberiti. Mbele yake lilisimama kabati dogo la kuweka juu ya kaunta, limejaa vijidroo, safu nane kwenda chini na safu nane kwenda pembeni. Sitini na vinne. Vingine vimekaa upande. Kila kimoja kilikuwa na namba ya skrubu, imeandikwa kwa mkono.

Akainua kichwa. Akasimama haraka, miwani ikamtoka, mguu ule ule ukaanguka tena.

"Usiniambie ulivua kwa mkono mmoja," Fundi akasema.

"Fundi. Ilikuwa... nilikuwa nakuja kesho."

"Hilo neno."

"Najua. Lakini vanishi haijakauka! Ilikuwa Ijumaa saa kumi, kabla swali halijafungwa. Nilipanga nikuletee kaunta, mbele ya jengo zima."

"Nijibu kwanza. Kina uliongeza cha nini?"

Akakaa juu ya gogo, anamtazama bila kumwona vizuri. "Nilikuona ile siku mshale ulipoanguka. Nilipita mlangoni kwako jioni, ulikuwa umeushika uso. Mtu mmoja na kete ishirini anaweza kukufanyia hivyo? Nikasema nitalipa swali hili uzito, mtu asilisukume ovyo. Kununua Ndiyo nisingeweza. Mimi ndiye ninayejua jibu, ningekuwa nawaibia wenzangu mchana kweupe, na wewe ungeona."

"Lakini ulimwaga wakati mshale uko chini! Ukaugandisha huko huko chini!"

"Ndiyo."

"Wewe ndiye uliyekitengeneza hicho kitu!"

"Kazini najua kila kitu, Fundi. Mambo yako nayafanya kwa moyo, akili inabaki ofisini."

Fundi alitaka kucheka, hakujiruhusu. "Na zile Siyo mia saba na hamsini? Ungeziuza nisingeziona."

"Ningeziuza mshale ungepanda, na wewe ungejua siri yangu siku hiyo hiyo. Halafu..." Akatabasamu. "Nilikuwa nazishika ili zipotee. Hakuna mtu Soko zima aliyesubiri kushindwa kwa hamu kama mimi."

Mashine ya seremala ilinyamaza ghafla. Mwenyewe hakuonekana, lakini ile penseli ilikuwa imechungulia pembeni ya mlango.

Macho Manne akapiga magoti tena, safari hii bila msasa. "Vanishi haijakauka. Vijidroo kumi na viwili havifungi vizuri. Miwani imevunjika, na mbele yangu naona kitu cha kijani tu, natumaini ni wewe. Utakubali nikuoe?"

Fundi akainama. Alichukua ile miwani chini, akaingiza vidole mfukoni mwa gauni, akatoa skrubu moja. Siku zote kulikuwa na skrubu mfukoni. Akaikaza kwa ukucha, akamvalisha, akahakikisha imekaa sawa puani.

"Nitazame," akasema. "Kuna jambo jingine lolote unalijua nami silijui?"

"Shangazi yako nimeshakwenda kumwona. Jumanne."

"Shangazi anajua?"

"Alikwishaweka kete zake kabla sijafika kwake, kwa hiyo hakuiba. Ila nilimwomba asikuambie."

"Ndiyo maana akaniuliza kama nimekula! Mwanamke yule!" Akavuta pumzi. "Halafu?"

"Nakoroma."

"Hilo nalijua, ulilala kwenye kaunta yangu. Halafu?"

"Basi. Nimekwisha. Hakuna kilichobaki chini."

Akamtazama muda mrefu, kama anavyotazama lenzi aliyoambiwa haina mkwaruzo. Kisha akatoa simu. Swali lilikuwa pale pale, mshale ishirini na nne, jengo zima limeamini Siyo. Chini yake kulikuwa na kitufe cha mwenye swali, Toa jibu. Akabonyeza Ndiyo.

Zile Siyo mia saba na hamsini zikafutika papo hapo, na Macho Manne akapiga kelele ya furaha mpaka seremala akaingia na nyundo, akidhani ameumia.

Hazikupita dakika mbili simu ikalia.

"Mwanangu!" Mama Fotokopi alikuwa anahema. "Umejibu Ndiyo? Umekosea kubonyeza?"

"Sijakosea, Mama."

"Na yule mwanamke?"

"Ni seremala. Nimesimama naye hapa."

Kisha sauti ikarudi, ndogo. "Kete zangu ishirini zimekwenda."

"Zimekwenda."

"Aa, ziende tu. Nimefurahi kushindwa. Sasa sikiliza, nina karatasi nzuri imeingia jana, nyeupe, ina ua la dhahabu pembeni. Kadi nitawachapia mimi, nani mwingine?"

"Utachapa wewe, Mama. Lakini usianze. Nakuja, nitakaa pale kwenye mashine yako. Kadi ya kwanza ikitoka ikiwa ya moto, nataka niisome mimi kabla ya mtu yeyote."